Ngozi ya Msala kwenye Boneti Nyeusi

Nimekaa eda. Fundi Sefu, mume wangu, tumemzika wiki sita zilizopita, na mpaka miezi minne na siku kumi zitimie sitoki nje ya ua wa binti yangu hapa Kiseke. Nina chumba, nina mkeka, nina dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Juzi mjukuu wangu Idrisa, ambaye riziki yake ni kuosha magari na kuyapiga polishi, aliingia na mfuko akanimwagia mkekani sponji za duara, moja ya rangi ya chungwa, moja nyeupe, moja nyeusi, pamoja na chupa za dawa zenye maandishi ya Kizungu. "Bibi," akasema, "kuna mteja ana gari jeusi, limejaa mikwaruzo. Hivi babu alikuwa anaanza na pedi ipi?" Alimtaja babu, bibi hakumo. Nikazichukua zile sponji, nikazibonyeza kwa dole gumba moja baada ya nyingine, ile ngumu, ile ya kati, na ile laini inayobonyea kama andazi, kisha nikamwambia aanze na laini na dawa iliyo hafifu kuliko zote, mahali padogo pa kujaribia, na akiona haitoshi ndipo apande ngazi moja. Ukianza na kali huna pa kurudi, kwa sababu rangi ukishaikata hairudi. Aliduwaa. "Bibi, wewe haya umeyajulia wapi?" Nikamwambia aende kazini. Alipotoka nilijifuta viganja kwenye kanga. Mimi mwanamke wa miaka themanini na kitu, nimezika mume na watoto wawili, bado naogopa boneti ya gari ambalo siku nyingi limekwisha kuwa chuma chakavu.

Sitasimulia nilivyoolewa wala nani alitoa mahari gani. Hayo kila mtu anayo ya kwake. Naanzia masika ya mwaka wa Uhuru, chumba chetu cha Igogo, siku niliyomwona mume wangu akimimina chai pembeni ya kikombe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kwetu kisiwani Nansio kwa meli mwaka mmoja nyuma. Chai ilienea mezani, ikadondoka mapajani pake, naye akaendelea kumimina mpaka ilipomchoma. Hakupiga kelele. Aliweka birika chini taratibu, akasema, "Mwanaidi, funga mlango." Nikafunga. Akaniambia kwamba jicho la kushoto lilikwisha zima tangu kabla ya Ramadhani, na la kulia linaona mwanga na vivuli tu, kama mtu anayetazama kupitia pazia. Alikwenda hospitali, daktari akamulika, akatikisa kichwa, akamwita mgonjwa mwingine. "Kazini hawajui," akasema. "Wakijua, nimekwisha. Wewe ndiye utakayeniambia ninachokiona." Alisema hivyo hivyo, utakayeniambia ninachokiona, na mimi badala ya kumwonea huruma niliingiwa na hofu. Alikuwa mtu mkimya, mrefu, anayenizidi miaka kumi na mmoja. Hajawahi kuninyanyulia mkono hata siku moja, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kabla yangu alikuwa na mke mwingine, akampa talaka akamrudisha kwao, na sababu sikuwahi kuambiwa. Mtu wa namna hiyo humjui utamkosea wapi.

Kazi yake ilikuwa kupiga polishi kwa mashine katika gereji ya Bwana Ratilal, karibu na bandari, na Mwanza nzima hakukuwa na wa kumfikia. Mwaka ule kazi ilizidi. Wazungu wengi walikuwa wanafungasha, na kila anayefungasha anauza gari, na gari halinunuliwi likiwa limepauka. Chumba cha polishi kilikuwa nyuma kabisa, kuta za mawe, mlango mmoja mpana unaoelekea ziwani, na jua la alasiri likiingia pale linakuonyesha kila dhambi ya rangi. Mimi nilikuwa na sababu halali ya kuwapo: nilishona kofia. Ndivyo tulivyoziita zile pedi, kwa sababu zilikuwa za ngozi yenye manyoya na zilivalishwa kwenye sahani ya mpira ya mashine kama kofia kichwani, zikafungwa kwa kamba kwa nyuma. Zilikuja kutoka Nairobi kwenye makaratasi, na zikichanika mishono nilizishona upya. Basi kila siku nilimpelekea chakula cha mchana, nikabaki na sindano yangu kwenye kibao, na Bwana Ratilal alipopita aliona mke mwema anayemsaidia mumewe. Kila baada ya muda Sefu alizima mashine, akajifanya anafuta jasho, akauliza kwa sauti ya chini, "Unaona nini?" Nami nikamwambia.

Nilijifunza kwa woga, na kinachojifunzwa kwa woga hakisahauliki. Dawa zilikuwa tatu. Kali ilikuwa ya kahawia, inanuka mafuta ya taa, na ukiisugua katikati ya vidole unaisikia kama mchanga. Ya kati ilikuwa ya kijivu. Laini ilikuwa nyeupe, nzito kama uji wa mgonjwa. Kofia nazo zilikuwa za namna mbili, manyoya marefu kwa dawa kali na manyoya mafupi kwa dawa laini, na sheria ya Sefu ilikuwa kwamba kofia iliyokwisha kula dawa moja haionji nyingine mpaka inakufa. Nilizitia alama za uzi, nyekundu kwa kali, nyeupe kwa laini, naye alizitambua kwa kupapasa fundo. Nilizifua ziwani kwa sabuni ya mche, nikazianika kivulini kwenye kamba, kamwe si juu ya mawe, maana chembe moja ya mchanga ikijificha humo inatosha kuchora gari zima. Rangi za wakati ule hazikuwa na gamba la juu kama za sasa. Ukipiga polishi gari jekundu, kofia inakuwa nyekundu. Unachokitoa ndicho chenyewe. Kwa hiyo swali lake la unaona nini lilikuwa na maana ya kutisha: je, rangi bado ipo, au nimeanza kutoboa? Pembeni mwa madigadi na kwenye mikunjo ya boneti rangi ni nyembamba, na kutoboa ni kufumba na kufumbua. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi. Usiku niliota nimepofuka mimi.

Wiki ya mwisho kabla ya sherehe dereva mmoja, Masanja, Msukuma mnene mwenye ucheshi, alileta gari kubwa jeusi la tajiri wa kinu cha pamba. Tajiri alikuwa ameliazimisha kwa ajili ya kuwabeba wageni siku ya Uhuru. Lilikuwa limekaa juani miaka, boneti imepauka mpaka inaacha vumbi jeusi kidoleni. Masanja hakucheka siku hiyo. "Fundi," akasema, "gali hili litapita mbele ya watu wote. Bosi kasema anataka ajione uso ndani yake. Likiwa na doa, mimi na wewe tutajieleza." Bwana Ratilal alikuja nyuma yake, mikono mgongoni, akaongeza kwamba gereji yake haijawahi kupata kazi ya heshima kama hiyo na haitapata tena iwapo hii itaharibika. Sefu aliitikia, "Hakuna neno," akapitisha kiganja juu ya boneti toka kushoto hadi kulia. Wao walidhani anaikagua. Mimi nilijua anaitafuta ilipo.

Siku ya kwanza alipiga dawa kali kwa manyoya marefu, nikamwongoza kwa maneno mafupi, na weusi ukaanza kuamka. Shida ilikuwa kesho yake. Kofia za manyoya mafupi zilikuwa zimekwisha. Iliyobaki moja ilikuwa na upara katikati, na mzigo wa Nairobi ulikuwa haujafika. Kila asubuhi nilikwenda bandarini kuuliza, kila asubuhi karani wa mizigo alitikisa kalamu bila kuinua uso. Ndipo nikakumbuka msala. Idi kubwa ya mwaka ule tulichinja kondoo dume, mweupe, na ngozi yake niliitengeneza mwenyewe kama tulivyofanya kwetu Nansio: nikaikwangua, nikaisugua chumvi na jivu, nikaiwamba, nikaipiga fimbo mpaka ikalainika, ikawa msala wa mume wangu. Miezi yote ile aliisujudia mara tano kwa siku, na manyoya yakawa laini kuliko kitu chochote nyumbani mwetu. Nilipomweleza wazo langu aliipapasa ngozi, akaipitisha shavuni. "Ni laini kuliko za Nairobi," akasema. "Ikate." Nikaikata kwa kisu cha viatu. Nilijisikia mwerevu, nasema kweli. Nilishona kofia mbili, nikafunga uzi mweupe.

Kondoo wetu wa huku si kondoo wa Nairobi. Hana sufu, ana nywele, kama mbuzi. Hilo nililijua tangu utotoni na bado sikulifikiria. Na lile jivu la jikoni lilikuwa limekaa miezi yote kwenye mizizi ya nywele, chini kabisa, ambako paji la uso la mtu halifiki. Mashine ilipozunguka, ngozi ikapata moto na maji ya dawa, jivu likatoka. Sefu alipiga boneti nzima. Niliisikia sauti imebadilika, ina mkwaruzo mdogo ndani yake, naye akainamisha kichwa kama anayesikiliza, lakini mafundi wa bati nje walikuwa wanagonga na pengine hakupata uhakika. Akazima, akafuta dawa kwa kitambaa. Jua la alasiri lilikuwa mlangoni. Boneti ilimetameta, na juu yake, kila mahali, kulikuwa na mistari myembamba ya duara ndani ya duara, kama sahani ya bati iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Unaona nini?"

Nilitaka kusema. Neno lilikuwa ulimini. Niliona beji kwenye kofia ya askari polisi anayekuja kutuchukua, niliona meli ya Nansio na mimi juu yake na sanduku langu, niliona uso wake uliotulia unaongoja. "Safi," nikasema. "Imekuwa kioo." Akatabasamu. Mume wangu hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo. Aliweka mkono begani pangu, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Basi na mwili wake tutamalizia kesho." Nikachukua turubai haraka nikalifunika gari, nikimwambia wadudu wa ziwani wataingia kwenye dawa. Hata uongo wa pili ulikuja bila kuitwa.

Jioni ile nilipika ugali na sato wa nazi, na nazi zilikuwa ghali, sijui nilikuwa namhonga nani. Alikula vizuri. Alizungumza kuliko siku zote: kwamba baada ya kazi hii Bwana Ratilal atamwamini, kwamba pengine macho yatatulia hapa yalipo, kwamba mtoto wetu wa kwanza atazaliwa mwenye nchi yake. Mimi nilikuwa navunja tonge, nalibonyeza, narudisha sahanini. Ukuta wetu ulikuwa wa bati, na upande wa pili jirani yetu Mama Kulwa alikuwa akizungumza na mumewe aliyefanya kazi bandarini. Nilimsikia mwanaume akisema, "Wanasema atakayeharibu chochote cha sherehe atahesabiwa adui wa nchi." Mama Kulwa akauliza, "Nani kasema?" Akajibu, "Watu." Kisha wakaingia kwenye habari za bei ya mihogo. Sefu alicheka. "Watu wana maneno," akasema, akaninyooshea sahani nimwongeze mchuzi. Nilimwongezea. Nimepitia njaa, kipindupindu na meli kuzama, lakini sijui mlo mwingine ulioniingia vibaya kama ule wa samaki wa nazi, nikimtazama mtu anayenitegemea kwa kila anachokiona akifurahia kitu ambacho hakipo.

Alfajiri aliamka, akatia udhu, akatandika mkeka mtupu mahali ulipokuwa msala. Niliyasikia magoti yake yakigonga sakafu. Alipotoa salamu ya kushoto na uso wake ukawa umenielekea, nilisema, "Boneti imechorwa." Nilisema hivyo tu, bila kutangulia na neno. Akabaki vilevile, shingo imegeuka. Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza sitaanza tena: kwamba ni kofia zangu, kwamba niliona jana palepale, kwamba nilimdanganya. Nilingoja neno la kunirudisha Nansio. Nilikuwa nimekwisha kulipanga sanduku kichwani.

"Mistari imenyooka au duara?" akauliza.

"Duara."

"Basi ni kofia, si kitambaa. Ukipitisha ukucha, unanasa?"

"Sikujaribu."

"Kwa sababu ulikuwa unafunika turubai," akasema, na hilo ndilo neno pekee la uchungu alilonipa asubuhi ile. Kisha akauliza tuna nini ndani ya nyumba kilicho laini kuliko nywele. Nikatazama huku na huku chumbani. Tulikuwa na mito miwili ya pamba, pamba safi iliyochambuliwa, na shuka la marekani lililofuliwa mpaka likawa jembamba kama leso. Nilipasua mito yote miwili. Yeye alikaa kitandani akiichambua pamba kwa vidole, akitafuta mbegu na vijiti, kipande kwa kipande, na kila alichokipata alikiweka gotini. Mimi nilikata shuka duara, nikashindilia, nikashona tabaka juu ya tabaka kama godoro la mtoto. Tukapata kofia mbili, moja ya dawa ya kati na moja ya laini. Nje kulikuwa kunapambazuka na watu wa dagaa walikuwa wanapita kwenda mwaloni inakotia mitumbwi.

Gereji ilikuwa na mlinzi tu. Nilivua turubai, nikapitisha ukucha. Haukunasa. Nikamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu jana nikapumua mpaka chini. Sefu akavalisha kofia, akachukua mashine, akaiweka juu ya boneti, kisha akasimama. "Jana nilidhani imekuwa kioo," akasema. "Nilipiga juu ya kitu ambacho sikukiona. Rangi imekwisha kukatwa mara mbili. Safari hii nikikosea nusu dakika, tunatoboa." Akanigeukia. "Vua bangili." Sikumwelewa. "Vua bangili, zitakwaruza. Waya pitisha begani, usiburute juu ya rangi. Mashine ilalie boneti kabla hujawasha, na ikishawaka usisimame mahali pamoja hata ukiona nyoka." Nikamwambia siwezi. Nikamwambia mikono yangu ni ya sindano. Akasema, "Aliyeona ndiye atakayeshika," akanikabidhi.

Ilikuwa nzito kuliko mtoto wa mwaka, na ilipowaka ilinivuta kulia kama mbuzi anayekataa kamba. Nilipiga ukelele. Sefu alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, mbele ya mashine, akikisogeza kadiri nilivyosogea, akipima joto la bati. "Hapa pamoto, ondoka. Polepole. Lala zaidi. Usiegemee." Nilikwenda kushoto, nikarudi kulia, nusu ya njia juu ya njia iliyotangulia, kama nilivyomwona akifanya mara mia. Pamba haikati kwa hasira. Kofia ilianza kuwa nyeusi kidogo, nikamwambia, akaisikiliza mashine, akasema endelea. Mistari ilikuwa inafifia. Niliinua macho kidogo tu kufuta jasho kwa bega, na mlangoni alikuwa amesimama Bwana Ratilal na funguo mkononi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuzima. Ni kwa sababu nilikuwa sijui kuzima vizuri. Nilijua tu kwamba nikisimama panatoboka. Kwa hiyo niliendelea, huku tajiri wa gereji ananitazama mimi na ushungi wangu umeanguka mabegani, na anamtazama fundi wake mkuu akipapasa boneti kama anayetafuta sindano gizani. Sefu hakujua kuna mtu. "Mwanaidi, unaona nini?" akauliza kwa sauti ya kawaida, kubwa, ipite mlio wa mashine. Hapo nilijua imekwisha. Nikasema, "Naona mistari imebaki upande wako. Na namwona Bwana Ratilal mlangoni." Kiganja chake hakikuondoka kwenye boneti. "Maliza upande wangu kwanza," akasema.

Nilimaliza. Nikabadili kofia, nikapiga dawa laini, na Bwana Ratilal muda wote ule alitazama kutoka mlangoni. Nilipofuta, boneti ilikuwa nyeusi mpaka chini. Alikuja akainama, akaitazama kutoka pembeni kama wanavyofanya wanaojua, akapitisha ukucha. Kisha akasimama mbele ya Sefu, akainua vidole vitatu mbele ya uso wake. "Fundi, hii ngapi?"

"Sijui, bwana. Sioni tangu masika."

"Tangu masika gari ngapi wewe nafanya hapa?"

"Yote, bwana."

Bwana Ratilal alishusha vidole. Alikuwa mtu wa hasira za haraka na nilikuwa nimezingoja, lakini alionekana zaidi kama mtu aliyegundua kwamba miezi yote alikuwa analala karibu na ukingo wa paa. Alizunguka gari lote mara moja. Nje Masanja alikuwa amefika, anapiga honi ya baiskeli yake. "Mashine wewe hapana gusa tena," akamwambia Sefu. "Sikia, hapana gusa. Wazungu naondoka, gari ishirini nangoja polishi. Mama tashika. Wewe takaa, taweka mkono, tasikiliza. Watu wakicheka, mimi tasema nini?" Hilo swali alijiuliza mwenyewe, akatoka. Tulibaki wawili na gari. Kazi ilikuwa imepona. Sefu alitafuta kibao changu cha kushonea kwa mguu, akakaa juu yake, mikono magotini, na nikaona kwamba hajui aiweke wapi mikono ile. Nilipiga milango na madigadi mpaka adhuhuri. Niliendelea kupiga polishi katika chumba kile miaka kumi na minne, yeye pembeni yangu, na wajukuu wanaosema babu alikuwa fundi hawakosei; ila ile siku sikuweza kumtazama.

Siku ya Uhuru tulisimama kando ya barabara katikati ya umati, nikiwa nimemshika mkono wa shati asisukumwe. Kulikuwa kumenyesha asubuhi, na watu walikuwa wamebeba matawi. Tangu siku ile ya boneti alikuwa anajibu ninapomuuliza na kula ninachompa, basi. Mimi nilikuwa bado naingoja hukumu yangu, na kila sanduku nililoliona kichwani mwa mtu nililiona langu. Magari yakaanza kupita. Kelele zilipanda, wanawake wanapiga vigelegele, na lile jeusi likaja taratibu, Masanja ndani yake amekaa kama bwana harusi.

"Limefika?" akauliza.

"Liko mbele yetu."

"Boneti?"

Ilikuwa rahisi kusema safi. Kila mtu pale alikuwa anaishangilia. "Kuna mistari miwili imebaki," nikasema. "Kushoto, pembeni kabisa, karibu na taa. Niliogopa kupafikia."

"Ulifanya vizuri kuogopa. Pale ni pembamba." Alingoja kelele zipungue kidogo. "Na juzi, uliposema kioo. Uliogopa nini? Polisi?"

"Hapana."

"Ratilal?"

"Nilikuogopa wewe."

Magari yalipita yote, wakafuata watoto wa shule, wakafuata watu wa baiskeli, nami nilikuwa nimeachia mkono wa shati lake bila kujua. Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata, akaushika kwa nguvu, hadharani, mbele ya Mwanza nzima.

"Mimi nakuogopa wewe tangu masika," akasema. "Kila nikikuuliza."